Podo la upinde wa kuwindia: pima mshale kabla hujanunua

Podo, yaani kibebeo cha mishale, ndicho kifaa ambacho wawindaji wengi wa upinde hukinunua mwisho kabisa. Upinde umeshapatikana, kilenga kimefungwa, mishale imekatwa kwa urefu wake, leseni iko mfukoni, ndipo mtu anachukua podo lolote lililobaki rafuni kwa sababu tu linaingia mishale mitano. Asubuhi ya kwanza msituni mshale mmoja unacheza ndani ya kibanio, ule mdomo wa mpira unaoushika, na kutoa mlio mdogo wa plastiki kila anapopiga hatua. Kulungu aliyekuwa mita 25 ananyanyua shingo, anapiga kwato chini mara mbili, anakwenda zake.

Maelezo haya yanahusu upinde wa kampaundi, ule wenye magurudumu na kebo kwenye ncha zake, kama unavyotumika Marekani na Kanada, katika misimu ya upinde inayopangwa na kila jimbo. Mnyama anayewindwa zaidi ni kulungu wa mkia mweupe, na kwa walioko milima ya magharibi, elki, jamii kubwa ya kulungu. Yameandikwa kwa msomaji wa Kiswahili aliyeko huko na mwenye leseni. Aliyeko Kenya ajue kuwa uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na Tanzania hakuna kuwinda bila kibali.

Podo, ambalo wengine huliita ziaka, lina kazi tatu, na zinafuatana kwa uzito. Kwanza linaficha makali ya kigumba, yaani kichwa cha mshale. Pili linashika mshale usitoe sauti. Tatu linakupa mshale wa pili bila wewe kujitikisa sana. Wakamba na Wagiriama walilijua hilo zamani: podo lao lilikuwa bomba la ngozi lenye kifuniko, na kigumba kilichopakwa sumu ya msunguti kilizungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi ili sumu isikauke, isioshwe na mvua, na isimdhuru aliyeibeba. Leo hakuna sumu, lakini kigumba cha kisasa kina visu viwili hadi vinne vinavyokata kama wembe. Podo lisilofunika visu hivyo vyote lirudishe rafuni, hata kama ni jepesi na zuri namna gani.

Vipimo vya mshale

Anza na unene wa uti, yaani fimbo ya mshale. Chukua kalipa, kile kipimio cha unene, pima kipenyo cha nje mahali pawili: karibu na kigumba, na kama sentimita 20 kutoka kwenye noki, yaani ile pengo ya nyuma inayoshika upote, uzi wa upinde. Hapo pa pili ndipo kibanio cha chini kitakapokaa. Usitegemee namba zilizoandikwa kwenye mshale. Namba kama 300, 340 au 400 inaeleza ugumu wa uti, haielezi unene. Na muuzaji akikuambia mshale ni wa “milimita 5” au “milimita 4”, anataja kipenyo cha tundu la ndani. Mshale wa kaboni wa kawaida wenye tundu la inchi 0.246 una unene wa nje wa karibu milimita 7.5. Ule wa milimita 5 huwa karibu 7 au pungufu kidogo, na ule mwembamba wa milimita 4 hushuka hadi kati ya 5.5 na 6.

Milimita moja na nusu si kitu mkononi, lakini kwenye kibanio cha mpira ni kila kitu. Kibanio kilichoumbwa kwa uti mnene kinauachia uti mwembamba uteleze juu na chini, na mara nyingi ndicho chanzo cha ule mlio wa msituni. Kinyume chake, kibanio chembamba kikilazimishwa mshale mnene hupanuka, midomo yake huanza kupasuka, na kila unapotoa mshale kinasema “tak” kama kidole kinachogongwa kwenye meza. Mapodo mengine yana vibanio vya kugeuza, upande mmoja kwa uti mnene na upande wa pili kwa mwembamba. Mengine huuzwa na seti mbili. Kama unafikiria kubadili mishale mwakani, chukua la namna hiyo.

Kisha pima urefu, kutoka shimo la noki hadi mwisho wa uti, halafu ongeza kigumba. Mishale mingi ya watu wazima iko kati ya inchi 27 na 30, yaani sentimita 69 hadi 76. Upinde wa kampaundi, ambao Holless Wilbur Allen wa Missouri alipewa hataza yake mwaka 1969, umekuwa ukifupishwa kadiri miaka inavyokwenda. Wa kuwindia leo mara nyingi una inchi 30 hadi 33 kati ya ekseli na ekseli, yaani mihimili ya magurudumu yake. Maana yake mshale unakaribia kulingana na upinde wenyewe. Podo likifungwa chini mno, noki zinachomoza chini ya kamu, yale magurudumu ya ncha za upinde, na ukiuegemeza upinde ardhini ni noki zinazobeba uzito na kujaa udongo. Noki yenye chembe ya mchanga haishiki upote sawasawa, na mshale unaoachia upote wakati umeshavuta ni hatari: upote unarudi bila mzigo, na mikono ya upinde, zile sehemu zinazojipinda, inaweza kupasuka usoni pako. Kwa hiyo tafuta podo ambalo breketi yake inateleza juu na chini kwenye fito, angalau sentimita 5.

Kigumba nacho kina vipimo vyake. Vya kawaida ni greni 100 na greni 125, karibu gramu 6.5 na gramu 8.1, lakini uzito si tatizo la podo. Tatizo ni upana na aina. Majimbo mengi yanataka kigumba kikate angalau inchi 7/8, yaani milimita 22. Vigumba vya visu visivyofunguka huwa kati ya milimita 25 na 29. Vile vya kufunguka, ambavyo visu vyake hulala vikiwa safarini na kutanuka vinapogonga, hukata milimita 38 hadi zaidi ya 50, lakini vikiwa vimefungwa vinaonekana vyembamba kama penseli. Aina hizi mbili hazitaki kofia moja.

Kofia

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu dukani. Kofia ni ile sehemu ya juu inayofunika vigumba, na kwa ndani ina sponji, au mpira wenye matundu, au vikombe vidogo vinavyopokea ncha tu.

Sponji nene inafaa kigumba kisichofunguka. Ncha na visu vinazama, vinashikwa pande zote, hakuna kinachocheza. Ubaya wake unakuja taratibu. Kila unapochomeka kigumba katika pembe mpya, visu vinakata mpasuko mpya, na baada ya mwezi wa mazoezi sponji inakuwa kama mkate uliochanwachanwa: vigumba vinalegea na makombo meusi yanabaki kwenye makali. Dawa ni rahisi. Weka nukta ya rangi ukingoni mwa kofia kwa kila tundu, na nukta ya rangi hiyohiyo kwenye uti, ili kila mshale urudi kwenye tundu lake na visu vipite mpasuko uleule. Jambo la pili ni maji. Sponji iliyolowa hubaki na unyevu usiku kucha, na kisu cha chuma cha kaboni kikilala humo asubuhi kina vidoa vya kutu mahali hasa kilipotakiwa kukata. Ukitoka mvuani toa mishale yote, futa visu, pitisha tone la mafuta mepesi, na uache kofia ikauke ukiwa umeielekeza mdomo chini mahali pasipo moto.

Kigumba cha kufunguka ukikichomeka kwenye sponji unajitafutia balaa. Ukivuta mshale, sponji inashika migongo ya visu na kuvitanua, au inakata ule mpira mwembamba au kola ya plastiki inayovizuia. Mara nyingi hutagundua, kwa sababu macho yako yako kwa mnyama. Mshale unaondoka na kisu kimoja wazi, hewa inakikamata, na unapiga tumbo badala ya mapafu. Mnyama aliyejeruhiwa hivyo atatembea umbali mrefu na kufa polepole. Hakuna mwindaji mwenye moyo anayetaka hilo. Kwa vigumba hivi chagua kofia yenye vikombe au vidole vya mpira vinavyoshika ncha peke yake, na visu vining'inie hewani bila kugusa kitu. Ukitumia aina zote mbili, kofia ya vikombe inakubali zote, mradi vibanio vya chini viwe imara.

Sasa kina cha kofia. Ingiza mshale wako mwenyewe wenye kigumba chako mwenyewe, inua kofia hadi usawa wa jicho, tazama kwa ubavu. Sehemu ya chini kabisa ya kisu iwe ndani ya ukingo kwa sentimita moja au zaidi. Bonyeza ukuta wa kofia kwa kidole gumba: ukijipinda hadi kuelekea kisu, acha. Mwindaji hujikwaa kwenye mizizi, huteleza kwenye jiwe lenye ukungu, na anapoanguka mara nyingi huuangukia upinde wake. Kisu kilichochungulia nje kwa nusu sentimita kinatosha kukata mshipa mkubwa wa paja, na mahali penyewe hakuna gari wala mtandao wa simu. Duka likikukatalia kujaribu na vigumba halisi, omba vya mazoezi vyenye upana uleule.

Gonga pia kofia kwa kucha. Plastiki nyembamba inalia kama debe, na tawi litailiza vilevile. Ukanda wa kitambaa kizito au felti uliogundishwa ukingoni kwa ndani unapunguza sana, lakini kofia iliyofunikwa mpira tangu kiwandani ni bora zaidi.

Vibanio

Podo lenye safu mbili za vibanio linashinda lenye safu moja, na sababu iko wazi ukitazama kinachotokea unapoachia. Upinde unatikisika kwa ghafla, na mshale ulioshikwa kwenye kofia na sehemu moja tu chini unapinda katikati kama uzi wa gitaa, ukigonga jirani yake. Safu mbili, moja karibu na katikati na nyingine karibu na manyoya, zinakata mtikisiko huo. Safu ya chini iwe mbali kidogo na manyoya, sentimita 2 au 3, vinginevyo mpira unayakunja.

Jambo ambalo duka halitakuonyesha ni baridi. Novemba huko Minnesota au Wisconsin halijoto inashuka chini ya sifuri na mpira mbaya unakuwa mgumu kama ukucha. Ukirudi nyumbani na podo jipya, liweke kwenye friza usiku mzima likiwa na mishale ya mazoezi. Asubuhi toa mshale mmoja palepale, sikiliza. Kama umetoka kimya, sawa. Kama umelia au umekataa kutoka mpaka ukautingisha, rudisha podo kabla risiti haijapitwa na wakati. Jua nalo hula mpira, kwa hiyo usiache podo kwenye dirisha la nyuma la gari kiangazi kizima, na pendelea podo ambalo vibanio vyake vinauzwa peke yake.

Kwenye upinde, kiunoni au mgongoni

Kwa wengi jibu ni podo linalofungwa kwenye upinde, aina ambayo Fred Bear, mwindaji na mtengenezaji wa pinde wa Michigan, aliisaidia sana kuenea. Mishale iko palepale mkono ulipo, hakuna kamba ya kunasa vichakani, na upinde ukiuchukua umechukua kila kitu. Gharama yake ni uzito upande mmoja. Mshale wa greni 450 una gramu 29. Mitano ni karibu gramu 145, na podo lenyewe mara nyingi huwa gramu 200 hadi 350. Anayepiga kwa mkono wa kulia ana kilenga na podo vyote upande wa kulia wa mpini, na upinde unataka kulalia huko. Utaliona kwenye pimamaji ya kilenga: kiputo kinakimbia kila unapochoka. Usishindane nao kwa kiganja, kwa sababu kiganja kinachokaza kinausokota upinde na mishale inatawanyika kushoto na kulia. Weka fimbo fupi ya uzito inayoelekea nyuma upande wa kushoto, ongeza uzito kidogo kidogo hadi kiputo kitulie chenyewe ukiwa umevuta na kufumba macho kwa sekunde tatu kisha kuyafumbua.

Kwa hiyo podo linalokaa karibu na mpini ni bora kuliko lililojitenga. Sentimita mbili tu za kuliingiza ndani zinahisika mkononi, na pia zinapunguza upepo, maana podo lililojaa manyoya ni tanga dogo. Mapodo kama TightSpot yameundwa hasa kwa ajili ya kukaa karibu hivyo na hurekebishika pande zote. Bei yake ni ya juu, lakini anayewinda kwa kunyatia atakubali. Ukilisogeza, hakikisha manyoya hayagusi kebo wala kamu. Vuta upinde taratibu ukiwa na mtu wa kuangalia kwa ubavu, maana kamu huzunguka na kufika mahali ambapo haikuwa kabla hujavuta.

Ukiwinda kutoka ulingoni juu ya mti, mambo yanabadilika. Hapo hutembei, umekaa kwa muda wa saa nne mahali pamoja, na podo la kuchomoka kwa wenzo mmoja ndilo linalofaa. Ukifika juu unalichomoa, unalitundika kwenye tawi au ndoano upande wa mkono unaochukulia mshale, usawa wa kifua, na upinde unabaki mwepesi. Lakini angalia kitu kimoja: wenzo wa bei rahisi hulegea baada ya msimu, na podo linaanza kutetemeka hata likiwa limefungwa. Lishike kofia ulitikise kwa nguvu. Mchezo wowote unaousikia dukani utakuwa mkubwa zaidi msituni. Podo lisilochomoka, lililofungwa kwa skrubu mbili tu, ni kimya kuliko yote, na kwa mtu wa kunyatia ndilo tunalolipendekeza bila kusita.

Kupanda ulingoni kuna utaratibu usiovunjwa. Upinde haupandi na mtu. Vaa mkanda wa mwili mzima uliofungwa kwenye mti tangu miguu ikiwa ardhini, panda, kaa, kisha vuta upinde kwa kamba, mishale yote ikiwa ndani ya podo na hakuna uliopachikwa kwenye upote. Hapa ndipo kina cha kofia kinapolipa.

Podo la kiunoni linapendeza uwanjani kwa shabaha za karatasi. Kwa kuwinda linanasa nyasi, mishale inagongana, na mengi yameachwa wazi kwa kuwa yalitengenezwa kwa vigumba visivyo na makali. Yapo ya kiunoni yenye kofia kamili, na hayo yanafaa kwenye kibanda cha kujificha ardhini ambako unalivua na kuliegemeza. Likiwa bomba la mishale iliyoelekea chini, liwe na tundu la kutolea maji.

La mgongoni la bomba, kama la kwenye picha za zamani, tunalikataa kwa vigumba vya visu. Visu vinasuguana na kubutuka, kuinama kupita chini ya gogo kunamwaga mishale, na kupeleka mkono juu ya bega ni mjongeo mkubwa ambao kulungu hausamehe. Lipo la mgongoni la aina nyingine, la kampuni ya Rancho Safari linaloitwa Catquiver, ambalo lina kofia juu na mshale unatolewa kwa chini, karibu na nyonga. Hilo ni tofauti kabisa, na kwa mwenye mishale mirefu ya manyoya halisi linafaa sana.

Maana manyoya halisi yanahitaji ulinzi wa peke yake. Wanaotumia upinde wa rikavu, ule ambao ncha zake zimejipinda kuelekea mbele, au upinde mrefu hupendelea manyoya ya bata mzinga, nayo yakilowa hulala. Wao watafute podo lenye kofia ya pili ya chini, au wafunike manyoya kwa mfuko mwepesi wa nailoni. Upinde wao hauna matundu ya skrubu kila mara, hivyo podo hufungwa kwa kamba za mpira kwenye mikono ya upinde, au huingia chini ya boliti za mikono kama upinde ni wa kufunguliwa vipande. Uzito juu ya mkono wa upinde unapunguza kidogo kasi yake na kubadili jinsi mshale unavyotoka. Kwa hiyo wafanye mazoezi yote podo likiwepo.

Kulifunga

Podo la kampaundi hufungwa kwenye matundu mawili ya kilenga, ambayo skrubu zake ni za kipimo cha 10-24. Breketi ya podo mara nyingi hukaa juu ya breketi ya kilenga, na hapo skrubu za zamani huwa fupi. Zipime: baada ya kupita breketi zote mbili, angalau milimita 7 za meno ziingie kwenye mpini. Mpini ni wa aluminiamu, na skrubu inayoshika meno mawili tu itayang'oa siku moja, pamoja na kilenga chako. Ndefu mno nayo inaweza kutokeza upande wa pili na kugusa kishika mshale.

Kabla hujafungua chochote, weka alama ya penseli mahali kilenga kilipo. Toa skrubu moja kwa zamu, safisha tundu, tia tone dogo la gundi ya skrubu ya rangi ya bluu. Usitumie ile nyekundu, maana itakulazimu kupasha moto kuifungua. Kaza zote mbili kwa zamu, kwa mkono mfupi wa alen ki, ule ufunguo wa pembe sita, hadi zishike, halafu robo mzunguko. Sasa panga mishale. Izungushe mmoja mmoja hadi manyoya yapishane kama meno ya vyanuo viwili, bila bawa kugusa bawa. Mshale utakaotumia kwanza uwe wa nje kabisa. Baada ya hapo hakikisha upya shabaha ya mita 20, kwa sababu kilenga kimesogezwa hata kama macho hayaoni.

Jaribio linaloamua

Tikisa upinde sikioni. Kisha uugonge mpini kwa ngumi laini. Kinacholia kitafute hadi ukipate. Usiachie upote mtupu kamwe kwa ajili ya kusikiliza sauti.

Halafu nenda uwanjani. Piga mishale mitatu mitatu kwenye mita 20, 30 na 40, mara ya kwanza podo likiwa limejaa, mara ya pili likiwa limechomolewa. Rudia siku ya upepo. Kama mafungu mawili yanaangukia mahali pamoja, una uhuru wa kuwinda vyovyote. Kama yameachana kwa sentimita 5 au zaidi kwenye mita 30, amua sasa utawinda namna gani, rekebisha kilenga kwa namna hiyo, na usibadili katikati ya msimu. Hili ndilo kosa linalowapata wengi: wamefanya mazoezi kiangazi chote bila podo kwa kuwa upinde ni mwepesi, kisha Oktoba wanalifunga na kushangaa kwa nini mshale umepita chini ya kifua.

Fanya pia mazoezi ya kutoa mshale wa pili bila kutazama. Shika uti karibu na kibanio cha chini, usukume kwa kidole gumba utoke kwenye kibanio hicho, kisha cha juu, ndipo ushuke na kigumba kutoka kwenye kofia ukiwa umekielekeza mbali na mwili na mbali na upote. Anayevuta kwa pupa kabla vibanio havijaachia hukata upote wake mwenyewe kwa kigumba, na huo ndio mwisho wa siku. Rudia mara hamsini sebuleni ukiwa na vigumba vya mazoezi, na glavu ulizokusudia kuvaa.

Idadi na bei

Mishale minne au mitano inatosha. Mitatu inatosha ulingoni. Sita ni kwa anayekwenda siku kadhaa milimani kutafuta elki, na hata yeye anaweza kuacha akiba kwenye begi. Tundu moja lipe mshale wenye kichwa butu, wa kupiga kwenye udongo laini uliouona wazi bila kuharibu kigumba.

Bei za dukani zimegawanyika karibu mafungu matatu: dola 30 hadi 50 kwa ya kawaida, 60 hadi 100 kwa ya kati, na kuanzia 130 kwa yaliyo mepesi na yanayokaa karibu na mpini. Tofauti kati ya fungu la kwanza na la pili unaipata kwenye vibanio na wenzo, na tunaona inafaa kulipwa. Tofauti kati ya la pili na la tatu ni ya mtu anayenyatia kila wiki. Kama fedha ni kidogo, nunua la kawaida lisilochomoka, lenye kofia ya kina, na utumie kilichobaki kwa vibanio vya akiba.

La mtumba linafaa pia, ukilikagua hivi: pinda kila mdomo wa kibanio utafute nyufa, ingiza kidole kwenye sponji uone kama inapukutika, tazama ukingo wa kofia kwenye mwanga kama kuna mpasuko wa nywele, na hesabu skrubu zote. Sponji ikiwa imekwisha, ing'oe yote na ununue ya kiwanda kilekile. Sponji ya godoro iliyokatwa kwa kisu inaonekana sawa, lakini ni laini mno. Visu vinapita hadi kugusa dari ya kofia, na ncha inaanza kubutuka siku ya kwanza.